Mkia wa Wifi Mkubwa

Mume wangu mtaa mzima wanamwita Usipepese. Jina lake la kweli tunalijua mimi na mama yake, na siku hizi hata sisi linatuponyoka. Ni mpiga picha. Studio yake ndiyo chumba chetu cha mbele: pazia la buluu, stuli moja, na kompyuta juu ya meza. Mteja akishasimama tu anaambiwa, "Usipepese!" Maana yeye huangalia macho peke yake. Macho yakiwa wazi, picha ni nzuri. Kama umevaa shati nje ndani, shauri yako. Kuna bwana mmoja alipigwa picha ya kitambulisho akiwa na dawa ya meno shavuni, na mpaka leo mume wangu anaisifia ile picha. "Lakini macho yake uliyaona?" ananiuliza. Jamani!

Sasa, mama mkwe alikuja kututembelea. Mabinti zake wawili, yaani wifi zangu, walikuwa hawasemezani tangu wifi mdogo alipoazima sufuria ya wifi mkubwa akairudisha bila mfuniko. Mfuniko tu! Wakikutana njiani, mmoja anavuka barabara. Mama akawaita wote wawili, akawaamuru wasimame mbele ya pazia wapigwe picha pamoja, halafu akaenda kujifungia chumbani kwa kuogopa kusikia matusi. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza chai. Nikasikia kimya, kisha kimya tena, kisha kicheko cha kuvunja mbavu. Nilipofika na sinia, nikawakuta wameshikana mabega wanafuta machozi, na mume wangu anasema, "Tayari! Hakuna aliyepepesa." Nikawauliza wanacheka nini. "Hakuna kitu," wakajibu kwa pamoja, wakaanza upya.

Tangu hapo Mama akawa hataki kingine duniani ila ile picha, kubwa, ndani ya fremu, aende nayo kwake akaitundike. "Hawa nawajua, watagombana tena," akasema. "Angalau niwe na ushahidi kwamba siku moja walipatana." Basi lake lilikuwa la kesho yake alasiri. Asubuhi akakaa kwenye kochi, kashavaa viatu, fremu tupu mapajani. Na waya wa kuunganisha kamera na kompyuta hauonekani.

"Si utoe tu memori kadi," nikamwambia mume wangu.

Akaangalia dari. "Kale kamlango kalikuwa kanafunguka ovyo. Nikakapaka gundi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu."

Maneno yaliyonijia mdomoni, mkwe hapaswi kuyasikia. Nikachukua simu nipige picha kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Nikapata pua yangu mwenyewe, imeng'aa vizuri kabisa.

Mume wangu hatupi waya. Ana ndoo nzima, na anazijua nyaya zake kama ukoo. Akaimwaga sakafuni, akachuchumaa, akaanza kuzijaribu. "Huyu ni binamu yake. Sura moja, ila kichwa kipana." Ukagoma. "Huyu shemeji, huwa anajipendekeza lakini haingii." Ukagoma. "Huyu... huyu simjui, kaja na nani?" Nikamwambia akiendelea na utambulisho, mimi na ndoo yake tutahama wote. Nikapekua makabati, nikageuza magodoro, nikatia mkono mpaka kwenye gunia la mkaa. Wapi!

Mama alikuwa akitutazama tu. Mwishowe akaiweka fremu kando taratibu. "Acheni, wanangu. Labda haikupangwa niwaone pamoja." Nilimwonea huruma.

"Angalau uione humu humu, Mama," mume wangu akasema, akaiwasha kamera na kuikuza picha. "Ona macho hayo!"

Mama akavaa miwani. Akatazama. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "dada yako ameota mkia lini?"

Nikampokonya ile kamera. Kweli bwana! Chini ya blauzi ya wifi mkubwa, ubavuni, kulikuwa na kitu cheusi kinaning'inia, na kwenye ncha yake kuna alama nyekundu. Ile ni rangi yangu ya kucha. Niliipaka mwenyewe kwenye waya wa kamera ili mtu fulani asiupoteze.

Nikapiga simu, nikaweka sauti wasikie wote. "Wifi, jana uliondoka na nini kiunoni?"

Ukazuka moto. "Nani kakwambia? Si huyo mdogo wangu! Mbea mkubwa! Nilijua tu, mtu wa kupoteza mfuniko hawezi kutunza siri!"

Mama akainuka na fremu yake. "Hakuna aliyesema!" akapiga kelele. "Mkia nimeuona mwenyewe! Njoo nao hapa, na mdogo wako umpitie!"

Wakaja wote wawili. Wifi mkubwa alikuwa kauficha waya ndani ya mkoba, mtu asiuone. Kumbe wakati wa picha alivuta pumzi na kujibana ili asimguse mdogo wake, kifungo cha sketi kikaruka, sketi ikashuka magotini. Wifi mdogo akadaka waya uliokuwa mezani, akamfunga nao kiunoni kama mkanda.

"Angeweza kuniacha niaibike," wifi mkubwa akasema, sauti imepungua.

"Nilitaka," mdogo wake akajibu. "Huruma ikaniingia."

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe ulikuwa wapi sketi inaanguka?"

"Nilikuwa naangalia macho."

Waya ukaingia bila ubishi. Picha ikajaa kwenye kompyuta: wanawake wawili wazima, vinywa wazi, na mkia. Mume wangu akasema anaweza kuufuta, hautaonekana kabisa.

"Thubutu!" Mama akamkatiza. "Miaka yote hii nimewabembeleza, nimewalilia, nimewaombea. Kumbe ilitakiwa kifungo kimoja tu kikatike! Uache hapo hapo."

Mume wangu akaichapa, akaitia kwenye fremu. Tukamsindikiza Mama kituoni, fremu kaikumbatia kifuani kama mtoto. Akapanda, akapata kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kunguruma, wifi mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Sasa, na mfuniko wangu?"

"Mfuniko gani tena?"

"Unaniuliza mfuniko gani?"

Mama aliwaona midomo inavyokwenda. Aliinua ile fremu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, picha ikiwatazama wao, na akaishikilia hivyo hivyo mpaka basi likakata kona. Wifi zangu wakabaki wanaangaliana. Kisha mkubwa akashika kiuno cha sketi yake kuhakikisha kipo salama, na hapo ndipo walipoangua kicheko.