Chura Aliyeishia Kwenye Wimbi

Harufu ya maharagwe mabichi yakitolewa maganda hunirudisha sebuleni kwetu karibu na Ikonge, Jumapili moja ya mvua. Hapa Kisii mjini nikiyakuta sokoni huyanusa kwanza, na mama anayeniuzia ameshazoea kunicheka. Hajui kwamba ndani ya harufu ile nimemwona bibi yangu ameketi dirishani na ungo mapajani, na baba yangu akitoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Baba, ambaye sisi Wagusii humwita Tata, alikuwa fundi cherehani sokoni Ikonge. Alishona sare za shule, na siku za kazi alikuwa mtu wa maneno machache, pini kazibana midomoni. Lakini Jumapili alikuwa wetu. Kwetu Jumamosi ni Sabato, televisheni hufunikwa kitambaa kuanzia Ijumaa jioni, kwa hiyo Jumapili mchana tulikuwa na njaa ya kutazama chochote. Tata alikaa kwenye kiti chake, mimi na mdogo wangu Ombati mkekani karibu na miguu yake. Alikuwa na kicheko kilichoanzia chini tumboni, kikapanda polepole, kikafika machoni kikatoka na machozi. Nikikuambia kwamba zile filamu za Jumapili nilizitazama kwa ajili ya kukisikia kicheko hicho, usidhani natia chumvi.

Sasa, Ijumaa moja alikwenda Kisii kununua vitambaa na nyuzi, akarudi na sidii. Kwenye jalada, na kwenye sidii yenyewe, kulikuwa na chura mnene aliyevaa taji, na kando yake binti mfalme mwenye macho makubwa. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kabisa. "Mzee, hii ni ya watoto," alimwambia. "Si unaona ni katuni?" Tata aliona. Enzi hizo kwetu kilichochorwa kilikuwa cha watoto, basi. Haikumwingia mtu akilini kwamba kuna watu wenye ndevu zao wanaokaa kitako kuwachorea wenye ndevu wenzao mizaha ya kikubwa. Sidii ikakaa juu ya televisheni Sabato nzima, chura akitutazama, na katikati ya mahubiri Ombati aliniuliza kwa mnong'ono kama chura anaweza kuharibika akikaa sana.

Jumapili ilikuja na mvua yetu ya alasiri, ile inayopiga mabati mpaka mtu apaze sauti ndipo apewe chumvi. Mama alikuwa jikoni, nyumba ya nje. Sebuleni tulikuwa sisi wawili, Tata, na mama yake Tata, ambaye tulimwita Magokoro, akitoa maharagwe maganda huku jicho moja liko kwenye televisheni. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze jambo moja, la sivyo hutaelewa kilichotupata. Wagusii tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Mzazi na mtoto wake hawawezi kusikia wala kuona mambo ya chumbani wakiwa mahali pamoja, hata huyo mtoto awe na mvi kichwani. Bibi au babu na mjukuu, kinyume chake, wako huru kabisa. Magokoro alimwita Ombati mume wake, na mbele ya wageni alimlalamikia kwamba tangu amuoe hajamnunulia hata leso.

Filamu ilianza vizuri. Ilikuwa inazifanyia mzaha zile hadithi za mabinti wa kifalme. Chura aliteleza akaangukia tope, taji likamfunika macho, na Tata akawa wa kwanza kucheka. Kisha binti mfalme akambusu, na chura hakugeuka kuwa mwanamume. Alibaki chura vilevile, akavua suruali, wakaingia kitandani wote wawili, na kitanda kikaanza kutembea chumba kizima.

Kicheko cha Tata kilikatika kama uzi. Mama yake upande huu, watoto wake upande ule, naye katikati. Rimoti ilikuwa imekufa zamani, na ili kuizima televisheni ingembidi aende kusimama mbele yetu sote, ubavuni mwa kile kitanda. Akainuka akatazama mlango.

"Wacha niangalie ng'ombe kama amenyeshewa," akasema, kama anayeuambia ukuta.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, na banda lake lilikuwa na mabati mazuri kuliko ya jikoni. Nilimwona kupitia dirishani akilipita banda moja kwa moja, akaenda kusimama chini ya migomba, mvua ikimtoka mabegani.

Nilidhani Magokoro angetufukuza sebuleni. Yeye alivuta kigoda karibu nasi. "Huyu chura anasema nini?" akauliza.

Basi tukawa wakalimani. Chura akisema, mimi na Ombati tunashindana kumgeuza Kigusii, na Magokoro anatikisika kwa kicheko, maharagwe yanaruka. Nilihisi raha iliyochanganyika na hofu. Halafu likaja lile la mama yake chura, kizee kilichopinda mgongo, kinachomwomba mwanawe maji. Chura alikichukua, akakitia ndani ya gunia, akakitupa kisimani huku akiimba. Ndani ya filamu watu wasioonekana wakacheka sana. Kiingereza nilikielewa, ila mdomo ulikataa.

"Eeh, anasema nini?" Magokoro akauliza.

Ombati ndiye aliyejibu. "Anasema, 'Mama, wewe pumzika, nakwenda kukuchotea maji.'"

Magokoro alimtazama Ombati, akaitazama televisheni, ambapo miguu ya yule mama ilikuwa bado inachungulia kisimani. Akamvuta, akamlaza kichwa mapajani pake, juu ya maganda ya maharagwe.

"Asante, mume wangu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Yale ya kitandani niliyaelewa bila kutafsiriwa, na mtakuja kuyajua mkikua, si kitu. Haya ya kisima ndiyo sijaelewa. Wanacheka nini?"

Niliinuka nikazima televisheni mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jioni Tata alirudi, akala bila kututazama. Jumapili iliyofuata alitoa cherehani ya nyumbani akaiweka barazani, akashona mchana kutwa. Iliyofuata, vivyo hivyo. Niliweka kiti chake sawasawa, nikakipangusa, nikapandisha sauti ya televisheni ili vichekesho vimfikie. Cherehani ilizidi kukimbia. Niliamini ametukasirikia, kwamba alituona tukilitazama jambo lile na sasa yeye hatupendi tena. Niliumia sana, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu jambo lenyewe ndilo lisilotajika. Hata Magokoro hangeweza kumwambia mwanawe, "Rudi ndani, yale ya chura yamekwisha." Sheria iliyomtoa Tata sebuleni ndiyo iliyomfunga mamake mdomo.

Lakini haikumfunga mikono. Wimbi lilikuwa limeanza kukomaa shambani mwetu, na ndege walikuwa wanalimaliza. Siku moja Magokoro alinituma nimletee uzi mnene wa Tata na ile sidii. Akatoboa tundu ukingoni kwa msumari wa moto, akaifunga kwenye mti mrefu, akausimika mahali ambapo mtu anayetoka Ikonge hawezi kupita asiuone. Chura akawa ananing'inia juu ya wimbi, anazunguka, anawatisha ndege kwa miale ya jua.

Tata alikuja na mzigo wake wa sare begani. Alisimama. Mimi nilikuwa mlangoni, sithubutu kupumua. Sidii ilijizungusha upande wa picha, chura na taji lake, ikajizungusha tena, na ndege mmoja asiye na adabu akatua juu yake. Ndipo nikakisikia, kikianzia chini, kikipanda. Tata alicheka mpaka akaweka mzigo chini. Magokoro aliendelea kupepeta unga wake uani, hakuinua hata kichwa.

Jumapili alikaa kwenye kiti chake. Hakuna neno lililosemwa juu ya chura, siku hiyo wala siku yoyote baada yake, na Magokoro alikwenda kaburini nalo.

Kwa miaka mingi niliamini Tata alisamehe. Nilikuja kuelewa juzi tu, mvua ikinyesha hapa mjini, alipokuja kututembelea kwenye nyumba yetu ya ghorofa ya tatu. Mwanangu Nyakundi alikuwa na simu yangu, ameegemea bega la babu yake, wanatazama katuni. Nilikuwa nimekaa nao, maharagwe mabichi kwenye bakuli. Sikuijua katuni yenyewe. Niliona sungura wawili waliovaa suti wakifungua mlango wa chumba, wakaanza kulegeza tai, na nikajua safari inaelekea wapi. Joto likanipanda usoni. Nikamtazama Tata, naye alikuwa ameshashika mkono wa kiti, anajikusanya ainuke na magoti yake yale mabovu. Usoni hakukuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anaogopa kunitia haya. Ndivyo alivyoogopa siku ile, na mimi nikamsoma vibaya utoto wangu mzima. Alitupenda ndiyo maana akatoka, akamwachia nafasi mtu pekee aliyeruhusiwa kubaki nasi.

Nikamtangulia kusimama.

"Kaa tu, Tata," nikasema. "Wacha mimi niangalie ng'ombe kama amenyeshewa."

Nyakundi alinishangaa. "Mama, ng'ombe gani?"

Mabega ya Tata yalianza kutikisika, kicheko kikapanda polepole, kizee sasa, chenye kikohozi ndani yake, lakini kilekile. Niliingia jikoni na bakuli langu, nikaurudishia mlango, nikasimama nyuma yake kama mwizi. Sungura walikuwa wanaongea Kiingereza chao cha puani.

"Huyu anasema nini?" nikamsikia Tata akiuliza.

Nilishika ganda mkononi bila kulifungua, nikingoja kusikia mwanangu atamwambia nini.