Kioo Nilichokigandisha

Mume wangu Placidius ni mpigapicha hapa Omurushaka, wilayani Karagwe. Amepiga picha za harusi, za kipaimara, za mahafali, za wazee wanaotaka sura ya kuachia wajukuu ukutani, na mara moja alipiga picha ya ng'ombe wa mahari kwa sababu mwenye ng'ombe alimwonea fahari kuliko mkwe. Ukishika barabara ya kwenda Kyerwa na kuingia nyumba yoyote, si ajabu ukakuta kazi yake sebuleni. Mtu ambaye hakuwahi kumpiga picha ni mama yake mzazi. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mama Benadeta, ambaye wanawe walimwita Mawe, yaani mama kwa lugha yao, hakutaka picha. Akiwa msichana, tawi la mbuni lilimchapa usoni wakati wa kuvuna kahawa, na kope la jicho la kushoto likalegea, halikuinuka tena. Jicho lenyewe lilikuwa linaona vizuri, ila lilibaki nusu wazi. Wenzake walimtania, na watu wa huku wakianza kukutania hawachoki hata baada ya miaka hamsini. Akazoea kuvuta kilemba mpaka kwenye nyusi upande ule, na simu yoyote ikiinuliwa aliinama kama mtu aliyeangusha sindano. Kitambulisho chake cha kura kilikuwa na picha, lakini alikifua mara mbili ndani ya gauni, uso ukabaki ukungu mtupu. Sisi tuliokaa naye tulilipenda lile jicho. Akitaka kukucheka, lilikuwa linaanza lenyewe, mdomo unafuata baadaye.

Sasa niseme habari zangu, maana mimi ndiye mwenye kesi. Naitwa Nikuze, nimezaliwa Isingiro kwa wazazi waliotoka Rwanda bila kubeba kitu, na nimelelewa kushika changu kwa mikono miwili. Lenzi ya Placidius tuliinunua kwa kahawa ya misimu miwili. Siku ilipofika nyumbani nilimwambia hatoki nayo mlangoni bila kioo cha kinga, kile kioo chembamba cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi, ambacho wapigapicha wanakiita filta.

Yeye hakukitaka. Alisema kinga ya kweli ni kofia ya lenzi na akili ya mwenye kamera, na kwamba kuweka kioo cha bei ya vitumbua mbele ya lenzi kama ile ni kumvalisha bibi harusi mfuko wa nailoni. Mimi nikamwuliza vumbi la barabara ya Kyerwa litaogopa akili yake lini. Tulibishana mwezi mzima, nikashinda. Na kusema kweli kilitusaidia. Kwenye harusi moja kwetu Isingiro, mcheza ngoma aliyelewa rubisi alirusha fimbo, ikatua sawasawa kwenye lenzi. Filta ikapasuka, lenzi ikapona. Nilitembea siku tatu nikiwa nimeinua kidevu.

Tulinunua ya pili, ikaibiwa. Alikuwa ameivua kidogo kwenye sherehe ya kumuaga binti huko Bugene, akaiweka juu ya spika, na alipogeuka haipo. Nilikasirika mno. Ya tatu niliifunga mwenyewe, yeye akiwa anaoga, na kwenye hesi zake za kufungia nikadondosha matone mawili ya ile gundi kali ya kugandishia soli za viatu. Sikumwambia. Nilijua angebisha, na nilikuwa nimechoka kubishana na mtu ninayemwokoa.

Krismasi ile Deodatha alipiga simu. Ni wifi yangu, aliolewa Uganda, ng'ambo ya Mbarara, na alikuwa na miaka kumi na moja hajafika nyumbani, kwa sababu ana mtoto asiyeweza kutembea na hana wa kumwachia. Mama yake alikuwa na simu ya vitufe, hivyo walisikilizana sauti tu. Siku hiyo Deodatha alimwambia kwamba anamwota, lakini katika ndoto mama hana uso. Ameanza kuusahau. Mama Benadeta alikata simu, akakaa akikoboa maharage ambayo yalikuwa yameshakobolewa.

Januari akamwita mwanawe. Alisema atatoa picha moja, ya Deodatha, ipigwe siku ya Kubariki Mishumaa, tarehe mbili Februari, kanisani asubuhi, kwa sababu mbele ya Mungu hana aibu ya jicho lake. Akaongeza kwamba hatarudia.

Placidius hakulala vizuri wiki hiyo. Alisafisha lenzi kila siku, akatafakari atapiga magoti wapi ili mshumaa uwe chini kidogo na uso uwe juu, mwanga uupande polepole. Asubuhi ile tulikwenda mapema. Kanisa lilikuwa bado na giza la ukungu, mishumaa imewaka. Mimi nilikuwa benchi la pili na binti yetu Ainebyona. Nilimwona Placidius akipiga goti mbele ya mama yake, kisha mkono wake ukaenda kwenye filta kuivua. Akazungusha. Akafuta vidole kwenye suruali, akazungusha tena. Alipoona haisogei aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama mshumaa wangu.

Mama Benadeta alikuwa ameshavua kilemba. Uso wote ulikuwa wazi, jicho limeanza kucheka.

"Piga, mwanangu," alisema. "Shingo inachoka."

Akapiga.

Nyumbani aliikuza picha kwenye kamera, na hapo nikaona nilichofanya. Mwali wa mshumaa ulikuwa umegonga kile kioo bapa kwa ndani, ukarudi, kama taa ya chumbani inavyojionyesha kwenye dirisha. Ndani ya picha kulikuwa na mwali wa pili, wa kijani, umesimama kichwa chini. Ulikuwa umeangukia juu ya jicho la kushoto, ukalifunika lote na kipande cha shavu. Ndiyo maana alitaka kukivua. Kwenye harusi za mchana, juani, kioo kile hakikuwahi kumletea shida.

Aliniuliza niliweka nini. Nikamwambia gundi. Hakunifokea, na mpaka leo natamani angenifokea. Alichukua maji ya moto na koleo, akahangaika siku mbili, kioo kikatoka vipande vipande na kuuma ukingo wa lenzi. Siku ya tatu alikwenda kwa mama yake na lenzi tupu, akamwomba. Mama alikataa. Baadaye akalegea, akasema haya, basi, Pasaka, akishapata kitenge kipya.

Wiki ya tatu ya Kwaresima alikwenda kukata mkungu wa ndizi akaanguka kwenye migomba. Bodaboda ilipofika alikuwa ameshatutoka.

Huku kwetu marehemu hatoki nyumbani bila picha. Msalaba unatangulia, halafu mjukuu anabeba picha kubwa ya fremu, halafu jeneza. Watu walimwuliza Placidius picha iko wapi kana kwamba wanauliza chumvi kwa mwenye duka. Mazishi yalikuwa kesho yake. Akaichukua ile ya mwali, akaipeleka Kayanga kwa Fidele, anayesafisha picha kwa kompyuta, akamwomba auondoe ule ukijani tu.

Fidele ni mtu mwema na alifanya kazi kwa moyo. Fremu ilifika jeneza likiwa limeshafungwa. Pale palipokuwa na mwali hapakuwa na kitu cha kurudisha, kwa hiyo alikuwa amechukua jicho la kulia, akaligeuza, akalipandikiza kushoto. Mama Benadeta alikuwa na macho mawili makubwa, mazuri, yaliyolingana. Na mikunjo ya shavuni kapunguza.

Ainebyona alibeba. Njia nzima hadi kaburini nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba mama katoka vizuri, kumbe alikuwa mrembo hivi. Hao ndio waliomtania, au watoto wao. Placidius alitembea akitazama visigino vya binti yake. Tulipofika nyumbani alisema, "Nimemzika mama na picha ya mtu mwingine," akaingia ndani.

Deodatha hakuweza kuja. Siku ya nne alipiga simu kuomba picha yake. Nilimwona Placidius amekaa kwenye ngazi na simu, anaangalia ile ya Fidele, anaangalia ile ya mwali, anarudi. Ile ya mwali ilimtisha. Ilionekana kama mama anaungua usoni. Akatuma ya Fidele.

Tulisubiri. Nilikuwa nachambua mchicha na sikuona ninachokishika. Simu ilipoita aliweka sauti ya nje, ili na mimi nisikie.

"Kaka," Deodatha alisema. "Kaka, jicho la Mawe liko wapi?"

Machozi ya Placidius yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kola ya shati, na yeye anaitazama simu tu, mtu aliyewapa Karagwe nzima sura za mama zao. Kule ng'ambo Deodatha aliuliza tena, taratibu, kama anayedhani hajasikika. Alisema alikuwa ameshaanza kulikumbuka, lile la kushoto, lililokuwa linatangulia kucheka, na sasa kwenye picha halipo.

Nikaweka mchicha chini, nikaichukua ile simu mkononi mwa mume wangu.

"Wifi," nilimwambia, "nililifunika mimi."