Kota Zisizozaa

Mwaka mzima na ushee, hakuna mwanamke hata mmoja kutoka kota za kiwanda cha dawa za wadudu aliyekuja kujifungua kwenye zahanati yetu.

Hata mmoja!

Mimi ni mkunga. Kota zile zina nyumba sitini, nyingi za wanandoa wabichi. Zamani nilipokea wanne, watano kwa mwezi.

Nikadhani wanapanga uzazi. Wapi! Walikuja kliniki wakilia: "Mkunga, nisaidie, mama mkwe ananiita gogo."

Mmoja wao alikuwa wifi yangu. Kaka yangu mkubwa ni mchanganya dawa pale kiwandani. Miaka minne ya ndoa, kimya.

Siku moja mama akaniuliza, "Wewe ndiye mtaalamu. Tumbo la huyu mkamwana wangu lina nini?"

Sikuwa nimempima. Nilijibu tu, kikombe cha chai mkononi, "Labda tatizo ni lake."

Labda. Neno moja tu, jamani.

Wiki haikuisha, wifi akafungashiwa virago. Alipita zahanati kuniaga. Hakulia.

"Wifi, hata wewe?" akaniuliza.

Nikajifanya natafuta faili.

Kaka akaoa mwingine. Kimya. Mama akaanza kunong'ona habari za wa tatu.

Miaka miwili ikapita, kota bado hazizai. Jumatatu moja asubuhi akaletwa mama mwenye uchungu. Nageuka na glavu zangu, nani? Wifi! Ameolewa na fundi vioo.

Akazaa mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nilikata kitovu bila kumtazama usoni.

"Mbona hunitazami, wifi?" akaniambia, jasho likimtiririka. "Gogo limechipua."

Nilitoka wodini moja kwa moja mpaka kwa daktari, nikamweleza habari ya kota nzima.

Akavua miwani. "Hao waume zao umeshawapima?"

Sikuwa nimempima hata mmoja.

Tukawaita kimyakimya. Wakaja kumi na wawili, wengine wamevaa kofia mpaka puani kama wezi wa kuku. Kaka nilimbembeleza siku tatu.

Majibu yakatoka. Kumi na mmoja hawakuwa na mbegu za uzazi. Wote walikuwa wachanganya dawa. Aliyesalimika ni mlinzi wa getini, ambaye haingii ndani.

Nikamfuata kaka kwake. Nilijiandaa kumshika asianguke.

Hakushtuka.

Alifungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Majibu yaleyale, ya hospitali nyingine. Nikatazama tarehe.

Alipimwa mwezi mmoja kabla ya kumfukuza wifi.

"Ulijua?"

"Ulipomwambia mama tatizo ni lake," akasema taratibu, "nikaona umeniokoa."

Nilikaa chini.

Daktari ameandika ripoti kwa serikali kwamba dawa zile zinaua mbegu za wanaume, nami nimetia sahihi. Hatujajibiwa. Jana nimepita kiwandani: foleni ya vijana imefika barabarani, wanagombea kazi ya kuchanganya dawa. Nikawapigia kelele waondoke. Mmoja akacheka, "Mama, tupishe, nimeoa juzi, nina nyumba ya kulisha."

Ndugu zangu, nyumba ikikosa mtoto, pimeni wote wawili kwanza. Na wewe unayeaminiwa kwa elimu yako, kama hujui, sema hujui. Mimi "labda" yangu ilivunja ndoa ya mtu asiye na kosa, na kumpa mwongo mahali pa kujificha.