Waingereza Hawana "Ka"

Siku hizi watu wanaandika kama wanaokimbizwa. Ujumbe unaingia kwenye simu hauna herufi kubwa, hauna mkato, hauna mwisho. Usome mwenyewe na upumue utakapojaliwa. Mimi nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji mpaka mashine zile zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mkato niliushika kwa vidole. Ulikuwa na uzito. Ukiudondosha, unainama kuutafuta. Sasa mkato ni kitu cha kubonyeza, na kitu kisichomchosha mtu hakina heshima.

Ndiyo maana nampenda mpwa wangu, ingawa simwambii.

Mtaani wanamwita Nukta. Jina hilo alilipatia kwenye dirisha la dawa la zahanati, anakofanya kazi asubuhi. Kuna bwana alirudi na pakiti iliyoandikwa, "Meza asubuhi hapana jioni." Alikuwa ameshinda anajiuliza kama ni asubuhi ndiyo hapana au ni jioni. Mpwa wangu alichukua kalamu, akatia mkato baada ya "asubuhi," akakita nukta mwishoni, akamrudishia. Tangu siku hiyo hakuna pakiti inayotoka dirishani pake bila alama zake zote. Watu walimcheka, jina likaganda.

Shule aliiacha akiwa binti ili amuuguze mama yake, dada yangu. Aliimalizia ukubwani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kwa hiyo alipopewa chumba cha shule ya msingi awafundishe watu wazima Kiingereza baada ya watoto kuondoka, alijua mapema wanafunzi wake wataumia wapi, kuanzia magotini. Mimi hukaa nyuma, karibu na dirisha. Kiingereza changu nilikiokota kiwandani, kwa kusoma kurasa kinyumenyume, na hakuna mwalimu wa kumshukuru wala wa kumlaumu. Kazi yangu pale ni kulalamika.

Kati ya wanafunzi wake alikuwepo Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mabomba. Mikono yake ilikuwa na alama za moto kama kitambaa cha madoadoa, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: endelea na ule mwanga, utakuja kushikwa mkono kuvuka barabara. Karakanani palikuwa na nafasi moja tu ya kumtoa kwenye moto bila kumtoa kwenye kazi yake, nayo ni ya msimamizi. Lakini msimamizi huandika kwa Kiingereza ripoti ya kila kilichoharibika. Cheche alikuwa ameshaanguka mtihani wa kuandika mara mbili. Kwa utaratibu wa karakana, mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Alasiri moja Nukta alimwita ubaoni aandike ripoti ya bomba lililopasuka. Aliandika kwa mwandiko mzuri, nakiri: "The pipe burst, I closed the water, I called the driver, he came, we changed the pipe."

"Kaka Cheche," Nukta alisema, "hapa una sentensi tano, umezifunga kwa mikato mitupu."

"Si ndiyo mikato yenyewe, Mwalimu? Wiki iliyopita ulinigombeza sikuiweka."

"Mkato peke yake hauwezi kushika sentensi mbili. Unataka kiunganishi. 'And,' 'but,' 'so.'"

"Mwongezee uzi, Mwalimu," alidakia Mama Vitambaa, ambaye huuza nguo sokoni na maneno bure. "Mshono wake unafumuka."

Cheche aliitikia kwa kichwa, akafuta, akaandika ripoti nyingine. Ilikuwa na kosa lile lile. Nukta alikusanya madaftari ya wengine: kosa lile lile, darasa zima, kama mafua. Alifungua kitabu cha kufundishia kilichotoka ng'ambo. Kitabu kilisema ni kosa. Kwa nini watu wote wa chumba kimoja wanalifanya, hakikusema.

Cheche aliiweka chaki mezani. "Mwalimu, niache tu. Chuma kinanisikia. Kwenye haya mambo mimi ni sikio la kufa."

Hapo nilishindwa kunyamaza.

"Kosa gani?" nilifoka kutoka dirishani. "Hivyo ndivyo bibi zetu walivyosimulia! Akaja, akaketi, akala, akaaga. Nani alithubutu kumwambia bibi atie kiunganishi? Ile 'ka' ilishika hadithi nzima kama uzi wa shanga. Leo mabibi wanatazama televisheni, na amebaki mtu mmoja anayesimulia kama mtu, nanyi mnamtia wino mwekundu!"

Nukta aligeuka. "Mjomba, rudia."

"Nirudie nini? Nimesema wanatazama televisheni."

"Kabla ya hapo."

Hakunisubiri. Aliandika ubaoni kwa Kiswahili: "Bomba likapasuka, nikafunga maji, nikamwita dereva, akaja, tukabadilisha bomba." Kisha alizungushia duara kila "ka." Chini yake aliiandika upya ile ripoti ya kwanza ya Kiingereza, akampa Cheche chaki.

"Zungushia 'ka' za Kiingereza."

Cheche alisogeza uso karibu na ubao, akatafuta toka mwanzo hadi mwisho. "Mwalimu, hazipo."

"Hazipo."

"Masikini Waingereza!" alisema Mama Vitambaa, mkono kifuani. "Hawana 'ka'? Sasa wanasengenyana vipi?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Cheche peke yake hakucheka. Alikuwa ameganda mbele ya ubao.

"Ngoja," alisema polepole. "Kumbe mimi nimepanga vyuma bega kwa bega nikasema vimeungana. Moto nimeuacha nyumbani."

"Na mkato ni nini?"

"Ni upenyo kati ya chuma na chuma. 'And' ndiyo ya kuchomelea."

"Na kama huna cha kuchomelea?"

"Naviacha mbalimbali. Natia nukta."

Mpwa wangu alikaa kwenye dawati la mtoto, akacheka mpaka machozi.

Kuanzia hapo sheria ya darasa ilikuwa moja: ukisikia "ka" kichwani, simama, kisha chagua, ama mkato na kiunganishi, ama nukta. Cheche aliibeba sheria hiyo hadi karakanani, akifanya kazi huku ananung'unika "ka, ka, ka," na wenzake wakamwuliza lini atataga. Kwanza alizidisha, akawa anachomelea kila kitu kwa "and." Nukta alimkatalia: "Sentensi ya pili ikimgeukia mwenzake, utampa 'and'?" Akajifunza "but." Siku alipoandika kwamba alifunga maji, lakini bomba likaendelea kuvuja, mkato mahali pake na "but" nyuma yake, Mama Vitambaa alipiga kigelegele.

Cheche akafanya mtihani mara ya tatu, na matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya karakana. Nukta alikwenda. Mimi nilikwenda kunyoosha miguu. Cheche alisimama mbele ya karatasi, akakunja macho, akarudi nyuma.

"Nisomee, Mwalimu. Sijui ni macho au ni woga."

Nukta aliweka kidole kwenye mstari. "Umefaulu." Na kwa kuwa ni Nukta, aliongeza: "Nukta."

Mafundi waligonga vyuma kwa nyundo, karakana nzima ikalia. Cheche alivua miwani yake myeusi ya kuchomelea iliyokuwa inaning'inia shingoni na kumkabidhi fundi wa pembeni yake. Hakuivaa tena.

Aliniletea ripoti yake ya kwanza ya usimamizi. "Mzee, itafute kosa." Nilifuta miwani yangu mara mbili. Nilitafuta kama nilivyokuwa nikitafuta herufi iliyopinda kabla mashine haijakanyaga karatasi. Sikupata. Ilinikera siku nzima.

Darasani walimtaka asimulie mtihani ulivyokuwa. Akasimama, kifua mbele, akaanza kwa lugha ya bibi zetu: "Nikaingia, nikaketi, nikaliona swali, nikalicheka, nikashika kalamu, nikaandika, nikasikia 'ka' inaniita, nikaikatalia, nikamaliza, nikatoka, nikaona jua, nikasema macho haya bado ni yangu..."

Nilimtazama mpwa wangu. Chaki ilikuwa mkononi mwake, na hakumkatiza.