Tiketi ya Benchi Zima

Mume wangu alikuwa fundi wa foleni. Sukari ikiadimika, yeye anayo. Sabuni ikipotea Singida nzima, yeye atarudi na kipande mfukoni, anatembea mtaani kwetu Utemini utadhani ameteuliwa kuwa mkuu wa mkoa. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kikundi cha maigizo kinakuja kutoka Dar es Salaam na mchezo wa nyimbo tupu, mwanzo hadi mwisho, sikuhangaika. Nilijua tiketi za bei nafuu tutapata.

Na safari hii hatukuwa tunatafuta burudani tu. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alikuwa kwenye kikundi kile. Aliondoka kwetu Issuna kwenda kambi ya vijana, huko watu wa kikundi wakamsikia anaimba, wakamchukua moja kwa moja, na tangu hapo mama hakumtia machoni. Zilikuja salamu tu. Sasa wangecheza Singida alasiri moja, kisha lori liwapeleke Tabora. Mama akatuma neno: "Nataka kumwona kwa macho yangu. Salamu zimenichosha."

Viti vya mbele vilikuwa vya wakubwa, ambao kama mnavyojua siku hizo hawakuwepo, maana sote tulikuwa sawa. Viti vya katikati vilitaka uuze jogoo na kuku wake wote. Yakabaki mabenchi ya nyuma, na hapo mtaalamu fulani huko Dar alikuwa amepanga kijamaa kwelikweli: kaya moja, benchi moja, bei ya kutupa, ila lazima familia ikae pamoja. Ujamaa ulikuwa umefika mpaka kwenye makalio.

Tiketi ziliuzwa kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini. Mume wangu aliweka jiwe lake la kushika nafasi kwenye foleni wenzake wangali wamelala, akarudi mchana meno yote nje.

"Benchi zima! Mimi, wewe na mama, na nafasi ya kujinyoosha inabaki."

Nikamtazama. "Wewe na mama. Benchi moja."

Meno yakarudi ndani.

Kwetu mwanamume hakai na mama mkwe wake. Hali naye chakula, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Mama akija kwangu, mume wangu alikuwa anapitia mlango wa uani, na wakitaka kusemezana wananisemesha mimi, nipo katikati kama ukuta wenye masikio. Bwana huyu aliyenusa sukari ikiwa bado iko njiani, hilo halikumjia kichwani hata kidogo.

"Tutabadilishana na majirani," akasema.

Hee! Majirani gani? Tulipoingia ukumbini nikakuta mabenchi yote ya nyuma ni kilio kimoja. Wanaume wamesimama ukutani, akina mama wamejifunika khanga, hakuna anayetaka kukaa. Kila mtu alikuwa amekatiwa benchi na mkwe wake! Wanaume wakaomba wakusanyike kwenye mabenchi yao peke yao.

"Hapana, ndugu wananchi, ni kaya!" kijana wa mlangoni, mtu wa pwani, akapaza sauti. "Asiyekaa na familia yake atoke nje!"

Mzee mmoja akajaribu kumweleza. Kijana akampa shikamoo safi kabisa, halafu akamwambia akakae.

Mume wangu akakaa mwisho wa benchi, shavu moja hewani. Mimi katikati. Mama mwisho wa pili, khanga imefunika uso mzima, ameupa ukuta uso na jukwaa mgongo. Ngoma zikalia, mchezo ukaanza, na mama yangu, aliyepanda lori la mtama toka Issuna kuja kumwona mwanawe, anatazama chokaa.

Mdogo wangu akatokea. Walikuwa wamemfanya mke wa kupe, yule mnyonyaji wa jasho la wakulima, wamemfunga mto tumboni na mwingine nyuma, anatembea kwa kujitingisha. Watu wakavunjika mbavu. Kisha akaimba. Mungu wangu, sauti ile! Nikamshika mama goti.

"Mama, ndiye huyu! Jifunue!"

Akatikisa kichwa ndani ya khanga. Analia. Nikageuka na hasira zangu zote nimpasulie mume wangu, nikakuta nafasi tupu. Alikuwa ameshafika mlangoni, yeye ambaye wiki nzima alikuwa akiimba nyimbo za mchezo asioujua.

"Ametoka, mama."

Khanga ikashuka. Akatazama bila kupepesa mpaka mwisho, na watu walipocheka yeye hakucheka.

Tulipotoka, lori la wasanii lilikuwa linaondoka tayari. Mdogo wangu alitupungia mkono kutoka juu, mito bado mwilini, likapotea na vumbi lake. Mume wangu alikuwa chini ya dirisha la ukumbi, amekaa juu ya debe. Mama akageukia pembeni.

"Muulize mwenzako, amemsikia shemeji yake?"

"Mwambie mama nimemsikia vizuri," mume wangu akaiambia ardhi. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Ile ni sauti ya mtu aliyeshiba."

Mama akajifunga khanga upya.

"Mwambie yeye amesikia, mimi nimeona. Watu walikuwa wanacheka tumbo, mimi naangalia shingo. Mwanangu amekonda."