Deodata Alivyowaonyesha Msitu Wake

Deodata wa Kibimba si mtu wa kumwonyesha mgeni jalala. Ukienda kwake, anafagia uwanja wewe ukiwa bado kwenye migomba ya jirani. Mimi ndiye huyo jirani, namjua: sifa anazipenda, na ukimnyima atanuna mpaka uchoke. Cha kusifia alikuwa nacho kimoja tu, msitu mdogo wa misave na mivumu alioachiwa na marehemu mumewe, bondeni nyuma ya kilima. Mwisho wa msitu kuna korongo lenye chemchemi, na maji yake ndiyo tunayokunywa sote.

Miaka ile watu walipokimbia vita na kuvuka mpaka pale Rusumo kwa maelfu, vilima vya upande wa kambi yao vilibaki vipara. Nisiwalaumu wakimbizi peke yao. Walipewa mahindi makavu na maharage magumu kama changarawe, kuni wakaachiwa wajue wenyewe. Na waliowachomea makaa na kuwauzia ni akina nani? Vijana wetu hawa hawa, wanaowahi misa ya kwanza.

Basi shirika moja likagundua dawa yake: filamu. Eti watu wakiona uharibifu kwa macho, wataacha. Wakaja wazungu na kamera, pamoja na mkalimani wao Pius, kijana wa Ngara mjini. Walitaka kupiga picha visiki. Deodata akagoma. Visiki vya nini, watu wa mbali waone kwamba huku hatuna haya? Akavaa kitenge cha Pasaka, akawapeleka msituni na kuwaeleza mti mmoja mmoja. Tena akashikilia mahali hapo patajwe wazi, watu wa Bisibo, kijiji jirani, wasije wakadai ni kwao.

Na palitajwa, jamani. Jioni ya maonyesho kambini walitundika shuka jeupe, jenereta ikanguruma, Deodata akapewa kiti cha mbele. Vilipopita vilima vile vipara, watu walikohoa tu. Ulipotokea msitu, uwanja mzima uliguna, kisha yakafuata makofi. Sauti ikaeleza kwa upole kwamba huu ndio msitu uliobaki, uko bondeni nyuma ya kilima cha Kibimba, na gari linafika, tuulinde. Deodata alinigeukia, kichwa kimemvimba kwa furaha. Mimi ile habari ya gari sikuipenda, lakini nani angemharibia siku yake?

Gari lilifika kweli. Wakaja wenye mashoka kutoka kambini, wakaja na wa kwetu wenye misumeno, na haukupita muda bonde lilijaa moshi wa makaa. Deodata aliwafukuza kwa fimbo mpaka sauti ikamkauka. Ilipona mivumu michache tu ndani ya korongo, iliyoizunguka chemchemi, kwa sababu kwenye picha haikuonekana. Njia ya kwenda huko tukaiziba kwa miiba. Maji yalipungua, ila yalitoka. Mivumu hiyo ikikatwa, hatuna tena maji.

Shirika likarudi. Pole walitoa, lakini furaha iliwashinda kuificha: sasa walikuwa na picha ya kabla na ya baada, mahali palepale! Wakamsimamisha Deodata katikati ya visiki. Akasimama, hakubisha. Pius, kichwa kimeinama, akamwamkia na kutafsiri swali lao.

"Mama, filamu mpya inataka pia mahali penye miti, ili watu wapate moyo. Hapa Kibimba haijabaki hata kidogo?"

Nikageuka nisitazame upande wa korongo. Mama huyu hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila kuona kizuri chake.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Kwetu miti imekwisha."

Pius akatafsiri. Mzungu akaweka kamera chini, akamshika mkono kumpa pole. Deodata akaipokea pole ile, machozi yakimtoka, na machozi yenyewe hayakuwa ya uongo.