Ubao wa Fundi Baiskeli

Kila asubuhi, kabla hajagusa baiskeli ya mtu, fundi baiskeli wa Mazinde hufuta grisi mikononi, hushika chaki kwa ncha za vidole na kuandika ubaoni mambo ya siku hiyo. Vijana wa bodaboda wana simu mfukoni, lakini tarehe huja kuiuliza kwake. "Mzee, leo dunia inasherehekea nini?" "Choo," alijibu jana kwa ile sauti yake ya chini, nao wakacheka hadi pikipiki zikayumba. Chini ya Siku ya Choo Duniani akaandika kwamba tarehe hiyo, 19 Novemba, mwaka 1969, watu walitua mwezini mara ya pili. Mstari wa mwisho, "Hapa kwetu," huachwa mtupu kila siku, maana wazee humletea kumbukumbu zisizo na tarehe, naye haandiki bila ushahidi.

Ndipo Mama Yordani alipofika mbio, kanga mkononi. "Andika! Leo ndiyo siku king'ora cha kiwanda cha mkonge kililia mara ya mwisho."

"Ushahidi, mama?"

"Nilikisikia nikiwa nazaa!" Akampa kadi ya kliniki ya Yordani, imechakaa mikunjoni. Fundi akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu: 19 Novemba 1994. Chaki ilimvunjikia mara mbili akiandika. Kisha mtu huyu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akageukia barabara na kupiga kelele: "Zimeni pikipiki! Njooni msome! Na sisi tumo!"